Shahidi Hapewi Shikamoo

Mwaka huo tulikula maharage. Ukimuuliza mtu wa Ujiji au wa Kibirizi ulikuwa mwaka gani, hatakutajia tarakimu, atashika tumbo. Serikali ilikuwa imelifunga ziwa ili samaki wazaane kwa nafasi, na sisi tukabaki tunalitazama tu, maji yote yale mpaka Kongo, na ndani ya sufuria hakuna hata jicho la dagaa. Asubuhi maharage na chai. Mchana maharage na ugali wa muhogo. Jioni maharage yaleyale, yametiwa mawese ili tudhani ni mapya. Wanawake wa Kalinzi waliokuwa wakiyateremsha kutoka milimani kwa bodaboda walinenepa. Sisi tulijaa upepo. Sitaki kusema yaliyokuwa yakisikika msikitini watu wakienda sijida.

Basi mwaka huo wa maharage ndio mjukuu wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam, amefeli.

Nilimlea mwenyewe. Baba yake, mwanangu wa kwanza, alikwenda Mpanda kutafuta maisha, na alipoyapata akatafuta na mke mwingine, basi mtoto nikamchukua mimi akiwa bado ananyonya kidole. Nilimfundisha mambo mawili, maana ndiyo niliyokuwa nayo: kuanika dagaa na kuwa na adabu. Dagaa hakuwaweza, aliwaanika mpaka wakawa vumbi. Adabu aliiweza kupita kiasi. Akikutana na mtu mzima njiani, goti chini, macho chini, "Shikamoo", na hainuki mpaka aitikiwe. Siku moja alimsalimia mzee kiziwi pale karibu na kisima, mzee akaendelea kuzungumza na mbuzi wake, na mtoto akabaki na goti lake mchangani mpaka nikaenda mwenyewe kumpigia mzee kelele sikioni: "Itikia, mtoto wa watu anaota mizizi!" Mtaa mzima ulinisifia. Waliniuliza nimemlisha nini. Nami nilitembea na kidevu juu, nikiwaangalia watoto wao wanaowapita wakubwa kama wanapita nguzo za umeme.

Akasoma, akafaulu, akaingia chuo kikuu kusomea sheria. Alipopata digrii yake nikatangaza Ujiji nzima kwamba nina wakili. Kumbe bado. Mtu akimaliza sheria chuo kikuu huwa si wakili, ni msomi wa kukaa sebuleni. Lazima aende shule nyingine tena, hukohuko Dar es Salaam, ya kujifunza uwakili wenyewe, na shule hiyo nasikia inafelisha watoto wa watu kama mtu anayepepeta mchele wenye chuya. Wanaingia umati, wanatoka wachache, waliobaki unawakuta kwenye ngazi wanalia na suti zao.

Wangu alishuka kwenye basi amekonda, mgongoni begi la vitabu zito kuliko yeye. Akanipa shikamoo yake, akaingia chumbani, akajifungia. Nikawa namsikia huko ndani anafoka Kiingereza peke yake, anafoka kweli, kama mtu anayefukuza wezi. Akitoka nje, kimya. Nikaona hili halitanishinda. Akina mama wa Kibirizi hawatoi siri zao mpaka mikono iwe ndani ya dagaa. Dagaa sina, nikamwekea ungo wa maharage mapajani.

Ungo haukufika nusu, akafunguka.

"Bibi, kule watu hawalali," akasema. "Tunasoma kesi za watu waliokufa zamani, nani alimuuzia nani ng'ombe mgonjwa. Mwenzangu wa chumbani alizimia kwenye foleni ya chakula. Alipozinduka akauliza kama muda wa kukata rufaa umepita."

"Akalala tena?"

"Akaenda darasani. Na nguo lazima iwe nyeupe na nyeusi kila siku. Mimi nina shati moja jeupe, nalifua jioni, nalivaa bichi asubuhi. Wenzangu wanaogopa walimu, mimi naogopa mvua."

"Kwa hiyo wamekufelisha kwa sababu ya shati?"

"Hapana Bibi. Maandishi nimefaulu yote. Nimefeli kusimama."

Nikamwambia aeleze, mimi niliishia darasa la nne na kusimama nasimama vizuri. Akaeleza. Kuna mahakama ya mazoezi. Unasimama mbele ya walimu, unaletewa shahidi wa upande wa pili, na kazi yako ni kumuuliza maswali mpaka uongo wake utoke nje watu wauone. Wao wanaita dodoso.

"Sasa tatizo nini?"

"Shahidi alikuwa mzee, Bibi."

"Ehe."

"Mvi kichwa kizima, na bakora. Ni mwalimu mstaafu, waliomba aje aigize. Aliagizwa adanganye kwamba aliona mkataba ukitiwa saini. Nikasimama. Nikasema, 'Shikamoo mzee.' Darasa zima likacheka. Naye akaniitikia, 'Marahaba mwanangu, hujambo?' Basi, nikaishia hapo. Nikamuuliza kama yuko salama. Nikamuuliza kama angependa kukaa. Mwisho nikamwambia samahani kwa usumbufu, nikarudi kwenye kiti changu."

"Hukumwambia kwamba ni mwongo?"

"Bibi! Mzee yule?"

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha kicheko kikanikauka, maana nilianza kuelewa. Nikamuuliza, na hicho Kiingereza cha chumbani, mbona unafoka hivyo? Akasema, "Kwa Kiingereza namhoji hata mfalme. Kiingereza hakina shikamoo. Lakini mashahidi wanakuja na Kiswahili chao, Bibi, na mimi nikifungua mdomo kwa Kiswahili, goti linajikunja lenyewe."

Alikuwa amebakiwa na mtihani mmoja wa marudio, huohuo wa kusimama. Akiuangusha huo anaondolewa, anaanza shule upya kutoka mwanzo kama mtu ambaye hajawahi kufika. Na baba yake kule Mpanda alikwisha sema hamsomeshi tena, akishindwa arudi aolewe. Sasa niangalieni mimi. Mtoto anaanguka kwa kitu kilekile ambacho mtaa unanisifia. Wangemfelisha kwa ujinga ningemchapa. Wamemfelisha kwa adabu yangu. Na kazi yenyewe, mkiniuliza mimi, ni ya ajabu: serikali inajenga shule, inaweka walimu wenye tai, ili kuwafundisha vijana kuwaita wazee waongo mchana kweupe.

Nikamwambia, "Adabu niliitia mimi. Nitaitoa mimi. Kidogo tu, ya kutosha mtihani."

Uani kwangu watu hawakukosekana mwaka huo. Ziwa limefungwa, wavuvi wako nyumbani wanagombana na wake zao, wanawake tunaoanika dagaa tumekaa tunatazama chanja tupu. Wakisikia kwa bibi fulani kuna mahakama, wanakuja na vigoda vyao. Jaji alikuwa jirani yangu, mama wa Kirundi ambaye pale Kibirizi tunagombania naye mchanga wa kuanikia tangu sote tukiwa na meno. Alipindua kinu changu akakikalia, akajifunika khanga nyeusi mabegani, na kuanzia siku hiyo hakusemeka.

"Mukecuru," ananiambia, ndivyo Warundi wanavyomwita mwanamke mzee, "nyamaza, nitakufunga."

"Utanifunga uani kwangu?"

"Hapa si kwako tena. Hapa ni mahakamani."

Tukaweka sheria moja: shahidi hapewi shikamoo, na haitwi bibi wala babu, anaitwa shahidi. Shahidi wa kwanza nilikuwa mimi. Mjukuu wangu akasimama, akakohoa, akasema, "Shikamoo," nikampiga na ufagio. Akaanza upya.

"Shahidi."

Mnaweza kucheka, lakini neno hilo lilinichoma. Mtoto niliyemfuta kamasi ananiita kama mtu aliyeshuka melini.

"Shahidi, jana jirani alipokuja kuomba chumvi, ulimwambia imekwisha?"

"Ndiyo."

"Na jioni tulikula maharage?"

"Tule nini kingine?"

"Jibu ndiyo au hapana. Maharage yale yalikuwa na chumvi?"

Jaji akaruka kutoka kwenye kinu. "Ehe! Jibu hilo! Jibu!" Maana aliyenyimwa chumvi alikuwa yeye. Siku hiyo mahakama ilivunjika mapema, na ilibidi nitoe chumvi.

Basi akaendelea hivyo. Aliwahoji wanawake, aliwahoji wavuvi, alimhoji kijana mmoja aliyeapa kwamba hajagusa maji tangu ziwa lifungwe, na kucha zake zina magamba ya migebuka. Sauti ikaanza kutoka. Lakini wote hao walikuwa rika lake au watani wake, hata mimi, maana bibi na mjukuu ni watani, tunaitana wake wenza. Akipita mwanamume mzee pale uani, hata kama anaomba maji tu, mtoto anafifia. Nikaona bila mzee wa kweli tunacheza mdako.

Mzee wa kweli akajileta.

Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Kanzu nyeupe, ndevu za hina, bakora yenye kichwa cha shaba. Mtu mzuri, simsemi vibaya. Mkarimu, anasali, anazika watu. Ila ana hadithi yake moja. Zamani, boti la abiria lilipinduliwa na mawimbi karibu na Mwamgongo. Wavuvi wa kule waliwaokoa watu wote, ikapotea mizigo tu. Lakini katika hadithi ya shemeji, yeye alikuwemo, na aliogelea kutoka katikati ya ziwa na mtoto mchanga begani, na walipofika nchi kavu mtoto alikuwa mkavu, na yeye akatoa kiberiti mfukoni mwa suruali akawasha moto wa kumpasha joto. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia kwenye matanga, na mara moja makaburini, udongo ukiwa bado mbichi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza juu ya hicho kiberiti. Sisi ndivyo tulivyo. Mzee akizungumza, unasema "Naam", unatazama chini.

Alipoona watu wamejaa uani, akaja, akasikia mambo ya mashahidi, akasema, "Nitasimama mimi. Mke wangu anihoji." Mjukuu wake wa kike yeye humwita "mke wangu", ni utani wa babu na mjukuu. Akasimama katikati akaitoa hadithi yote, na mawimbi, na kilio cha akina mama, na kiberiti. Watu wakasema "Naam" palepale wanapoisema siku zote. Kisha mjukuu wangu akasimama. Akapangusa viganja kwenye sketi.

"Shahidi."

Shemeji akatabasamu. "Naam, mke wangu."

"Boti lilizama saa ngapi?"

"Alfajiri. Jua ndio kwanza linachungulia."

"Na ulipofika Mwamgongo, ulirudi Ujiji siku hiyo?"

"Nirudi na nini? Nililala huko. Mabega yalikuwa hayainuki."

"Habari za kuzama zilifika lini hapa Ujiji?"

"Mchana wa siku hiyohiyo. Ilikuwa akika ya baba yako, hapahapa uani. Pilau iko kwenye masinia, habari ikaingia, wanawake wakaanza kulia, pilau ikaliwa baridi. Muulize bibi yako."

Nikatikisa kichwa kukubali. Ni kweli kabisa. Ile pilau ninaikumbuka mpaka leo, niliipika mwenyewe, ikagandia mafuta.

"Mbuzi wa akika hiyo alikuwa mkubwa?"

Hapo shemeji akachangamka, maana mbuzi huyo naye ana hadithi. "Beberu! Jeusi, pembe hizi! Vijana walishindwa kumlaza asubuhi ile."

"Alichinjwa na nani?"

"Na nani tena? Na mimi! Kwa mkono huu."

Akauinua mkono wenyewe watu wauone. Ukabaki juu. Nikawaona watu wanalifikia jibu mmoja mmoja: jaji kwenye kinu ameziba mdomo na khanga, mvuvi mmoja anahesabu vidole, anarudia. Mtu aliyelala Mwamgongo na mabega yasiyoinuka, asubuhi hiyohiyo alikuwa Ujiji anachinja beberu. Wa mwisho kufika alikuwa shemeji mwenyewe.

Nami nilikuwa simwangalii yeye. Nilikuwa naliangalia goti la mjukuu wangu. Hapo ndipo mahali pake pa kusema samahani mzee, ungependa kukaa? Goti likaanza kujikunja, nililiona ndani ya sketi. Kisha likanyooka.

"Shahidi, nakuambia kwamba hukuwemo kwenye boti lile. Ulikuwa hapa unachinja mbuzi. Ulichoiambia mahakama hii si kweli."

Watu wakapasuka. Kicheko cha miaka yote, kile tulichokuwa tunakimeza kwenye harusi na makaburini, kilitoka siku hiyo.

"Mke wangu," shemeji akasema, "unatania."

"Jibu swali, shahidi."

Akachukua bakora, akaondoka, kofia imebaki kwenye kigoda.

Kesho yake baada ya alasiri akarudi, na wazee wawili wa ukoo nyuma yake. Nikatandika mkeka. Hakuja kwa ukali, nimtendee haki. Alisema taratibu: "Shemeji, utani wa babu na mjukuu upo, tangu enzi. Angeniita babu, ningecheka na watu. Aliniita shahidi. Aliniita kama mtu asiyenijua, mbele ya wavuvi." Akasema anataka jambo dogo tu. Ijumaa baada ya swala, mbele ya waliokuwepo, mtoto apige goti aseme alikuwa anatania. Basi. Yeye atampa radhi, wazee watamsomea dua ya safari na mtihani, na yaishe. Asipofanya hivyo, radhi hakuna, na hakuna mzee wa ukoo atakayeinua mikono kwa ajili yake.

Sasa radhi ya mkubwa kwetu si mchezo. Mtu anaweza kufeli, kuharibikiwa mimba na kuibiwa baiskeli, na yote watasema ni radhi. Na alichokitaka kilikuwa kidogo kweli. Wale wazee wawili walikubali kwa vichwa. Jirani yangu, jaji mzima, alininong'oneza kutoka upande wa pili wa ua: "Mukecuru, goti ni goti tu. Apige, aende zake."

Hata mimi nilikuwa tayari kusema sawa. Nilikwisha fungua mdomo.

Ndipo mjukuu wangu akatoka ndani. Alikuwa amesikia yote. Hakungoja Ijumaa, akaanza kushuka palepale mlangoni, macho chini, akasema, "Babu, naomba samahani kwa usumbufu..."

Na sauti ilikuwa ileile. Ile ndogo, ya kumuuliza mwongo kama angependa kukaa. Ya jana ilikuwa imekwenda wapi? Ilikuwa imefutika kama haikuwahi kuwepo. Nikaona wazi: mtoto akipiga goti hilo, ndiyo sauti atakayopanda nayo basi, ndiyo atakayosimama nayo kule mbele ya walimu, na ndiyo atakayorudi nayo hapa kuolewa na mtu yeyote atakayetokea, akimwambia samahani kwa usumbufu. Radhi ingemsindikiza vizuri sana mpaka kwenye kufeli.

Nikamshika mkono kabla goti halijafika chini, nikamvuta juu. Nikamwambia shemeji:

"Mjukuu wangu hakuwa anatania, na goti hapigi."

Wazee wakasema astaghafirullah. Shemeji akaniuliza kama najua ninachokisema, kwamba mtoto anasafiri bila radhi. Nikamwambia radhi nitampa mimi, niliyemfulia nepi. Na kama Mungu anasubiri ruhusa ya mtu aliyeokoa mtoto bila kumlowesha, basi tumekwisha sote. Hapo nilipitiliza kidogo, nakubali, lakini lilitoka vizuri. Wakaondoka bila kunywa chai. Kwa ukoo wetu, kuondoka bila kunywa chai ni kutukana.

Siku ya safari hakuna mzee aliyekuja. Pale stendi, jirani yangu Mrundi akamwekea mjukuu wangu mkono kichwani, akamwombea kwa Kirundi, maombi marefu ya kanisani kwao, dereva anapiga honi. Sikuelewa hata nusu. Nikasema amina kila alipovuta pumzi.

Kisha nikakaa kungoja. Kumngoja mtu ambaye wewe mwenyewe umemkosesha radhi ya ukoo si kungoja kwa kawaida. Kila simu ikilia moyo unashuka kwenye ndala. Shemeji nikikutana naye njiani ananipita kimya, mimi nampa salamu kwa sauti kubwa ili watu wasikie nani mwenye adabu. Mtaa ukagawanyika. Wengine walisema nimemharibu mtoto. Wengine walisema vilevile, ila walisema huku wakicheka, maana kiberiti kilikuwa kimeanza safari zake: mtu akilowa mvua pale sokoni, utasikia, "Una kiberiti?"

Ziwa likafunguliwa. Dagaa wa kwanza waliposhushwa Kibirizi tuliwala wabichi nusu. Nilikuwa naanika, nimepigana na jirani yangu kwa ajili ya mchanga kama ipasavyo, simu ikalia.

"Bibi, nimefaulu."

Nikakaa juu ya dagaa. Wa jirani yangu, bahati nzuri.

Akanieleza. Safari hii hawakuleta mzee, walileta mwanamke mtu mzima, khanga mbili, mkoba wa ukindu, akaingia akamtazama akamwambia, "Mwanangu, mbona umekonda hivyo? Unakula kweli?" Darasa likaanza kucheka. "Bibi, alikuwa kama wewe kabisa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Shahidi, ngoja uulizwe.'"

Haya. Akaapishwa uwakili, akaja Ujiji na koti lake jeusi. Nikachinja, nikapika pilau ya mbuzi, pembeni nikaweka migebuka ya kukaanga, na maharage nikapiga marufuku yasivuke mlango. Watu wote wakaja. Wazee wawili wa ukoo nao wakaja, pilau ina nguvu kuliko ukoo. Shemeji tu hakuingia. Alikaa kwa jirani yangu, upande wa pili wa ua, mahali ambapo harufu inafika vizuri. Mkubwa wa ukoo hawezi kuja kwenye karamu ambayo mtoto hajamtaka radhi. Na karamu bila mkubwa wa ukoo, watu hawagusi sinia, wanatazamana.

Mjukuu wangu akaenda kwake. Nilimwona kupitia kwenye matete ya ua, akamshika mkono, akampa shikamoo yake kama siku zote, na mzee akaitikia. Wakazungumza muda mrefu, mzee anaongea kwa bakora. Wali ukaanza kupoa. Kisha akarudi, akaingia chumbani, akatoka amevaa koti lake jeusi na shati jeupe, akasimama mbele yangu, katikati ya masinia.

"Shahidi," akasema.

Uani pakalipuka. Jirani yangu akakimbilia kinu.

"Wewe mtoto una wazimu?" nikamwambia.

"Nasimama hapa kwa niaba ya babu. Ni mteja wangu wa kwanza."

"Mteja!"

"Shahidi ajibu maswali," jaji akasema. "Mukecuru, nilikuambia nitakufunga."

Mjukuu wangu alikuwa hacheki. Macho yako juu, yamenikalia usoni, hayapepesi. Miaka yote niliyomlea sikuwahi kuyaona macho yale kwa muda mrefu namna hiyo. Ni ya kahawia.

"Shahidi, babu ni mkubwa wa ukoo?"

"Ndiyo."

"Pilau inapoa?"

"Ndiyo, na ni kosa lako."

"Ndiyo au hapana. Ni kweli kwamba mimi na babu ni watani?"

"Ndiyo."

"Na mtani akisema neno kwa mtani wake, desturi ya hapa Ujiji inasema ni utani?"

Nikaiona inakokwenda. Niliiona kama beberu anavyokiona kisu, na sikuwa na pa kukimbilia, maana kila alichouliza kilikuwa kweli. Watu wameacha kunong'ona. Nyuma ya matete, hina ya ndevu za shemeji imesogea karibu kabisa na tundu.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi, shahidi, nakuambia kwamba siku ile mjukuu wako alikuwa anatania, na kwamba ukilisema hilo moja tu, hapa, sasa, babu anaingia tunakula. Unakubali?"

Alikuwa amenibana, na alikuwa amenibana vizuri. Hata jaji alikuwa amesimama kwenye kinu. Niliwaangalia watu wote wale wenye njaa. Nikamwangalia yeye na koti lake. Nikanawa mikono, nikavuta sinia.

"Mjukuu wangu hakuwa anatania, na goti hapigi."